Hela Yako Iliyolala Serikalini Marekani: Namna ya Kuitafuta na Kuidai

Umehama Minneapolis kwenda Dallas. Kampuni ya umeme uliyoiachia dipoziti ya dola 150 inakuandikia hundi na kuituma kwenye anwani ya zamani. Aliyehamia pale anairudisha posta, na kampuni inabaki na deni kwako. Sheria hairuhusu kampuni kujimegea hela hiyo. Muda ukitimia, inapaswa kuikabidhi kwa serikali ya jimbo pamoja na jina lako na anwani yako ya mwisho, nalo jimbo huitunza hadi wewe au mrithi wako ajitokeze. NAUPA, chama cha maofisa wa majimbo wanaosimamia fedha za namna hii, kinakadiria kwamba mtu 1 kati ya 7 Marekani ana kitu chake kimelala hivyo. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, ambao huhama jimbo kufuata kazi na ndugu, na ambao kila ofisi imeandika majina yao kivyake, uwezekano wa kuwa na hela isiyoonekana kwa utafutaji wa haraka ni mkubwa.

Mara nyingi hela yenyewe ni mshahara wa mwisho ambao hukuufuata baada ya kuacha kazi, akaunti ya benki iliyosahaulika, dipoziti ya maji au umeme, rejesho la bima ya gari, malipo yaliyozidi hospitalini, bima ya maisha ya marehemu, hisa, au money order ambayo haikulipwa. Vitu vilivyokuwa kwenye kasha la benki pia huishia huko, na jimbo linaweza kuvipiga mnada likakutunzia fedha. Nyumba na viwanja havimo.

Hela haihamii serikalini siku ile ile. Katika majimbo mengi mshahara na dipoziti ya umeme husubiri mwaka 1, akaunti ya benki miaka 3 hadi 5, money order miaka 7, na hundi za wasafiri miaka 15. Kwa hiyo ukiwa umehama miezi sita iliyopita, jimbo halijui lolote kukuhusu. Mpigie mwajiri au kampuni yenyewe, uwape anwani mpya, waandike hundi nyingine. Njia hiyo ni ya haraka kuliko zote zinazofuata.

Anza na kaunti na mji, kwa sababu huko saa inakimbia

Watu wengi hutafuta kwenye tovuti ya jimbo tu, wakikosa wanafunga kompyuta. Lakini kaunti, miji, mahakama na wilaya za shule nazo zina fedha za watu, na nyingi ya fedha hizo hazionekani kwenye orodha ya jimbo. Tofauti kubwa zaidi ni muda. Majimbo mengi hutunza hela yako bila kikomo, au kwa kikomo cha mbali: Indiana ni miaka 25, Arizona 35. Kaunti inaweza kuichukua moja kwa moja ndani ya miaka michache.

Tazama California. Hela iliyokaa kwenye hazina ya kaunti au mji kwa miaka 3 bila mtu kuidai hutangazwa gazetini mara moja kwa wiki, wiki mbili mfululizo. Tangazo hutaja siku ya mwisho, ambayo ni kati ya siku 45 na 60 tangu litoke mara ya kwanza. Siku hiyo ikipita bila dai, hela ni mali ya kaunti. Kiasi cha dola 15 kushuka chini hakitangazwi kabisa. Kwa kiasi hicho, mwaka mmoja unatosha kaunti kuichukua. Na ni nani kati yetu anayesoma matangazo madogo ya gazeti la kaunti? Dai lenyewe ni rahisi: unamwandikia mweka hazina jina lako, anwani, kiasi unachodai na sababu ya kudai. Texas nayo ina utaratibu wake: fedha zisizozidi dola 100 zilizo mikononi mwa kaunti, mji au wilaya ya shule hubaki huko huko, haziendi kwa jimbo. Ukitafuta kwenye tovuti ya jimbo peke yake hutaziona.

Fedha zinazolala kaunti na mijini ni za aina chache zinazojirudia. Kuna dhamana iliyolipwa taslimu mahakamani, posho ya kukaa baraza la mahakama (jury), kodi ya umiliki wa nyumba (property tax) iliyolipwa mara mbili (na wewe na benki yako ya mkopo), faini ya maegesho iliyofutwa baada ya kulipwa, na dipoziti ya maji pale ambapo maji ni ya mji. Ya dhamana hupotea sana. Kesi ikiisha, hela humrudia yule aliyeitoa, ambaye mara nyingi siye mshtakiwa: ni shangazi, ni rafiki wa msikitini au kanisani, na hundi hutumwa kwenye anwani aliyoiandika usiku ule wa haraka. Nenda kwa karani wa mahakama ukiwa na namba ya kesi na risiti. Risiti ikiwa imepotea, uliza nakala kwa kutumia namba ya kesi na tarehe ya kulipa. Mahakama nyingine hukata faini na gharama kwanza, kwa hiyo kiasi kinaweza kupungua.

Halafu kuna hela kubwa kuliko hizo zote: ziada ya mnada wa nyumba iliyouzwa kwa deni la kodi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Geraldine Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, ambayo ndiyo kaunti ya Minneapolis. Alidaiwa kama dola 15,000, nyumba yake ikauzwa dola 40,000, kaunti ikabaki na zote. Majaji wote walikubaliana kwamba kaunti haikuwa na haki ya kuchukua zaidi ya deni lake. Kama wewe au mzazi wako mlipoteza nyumba kwa kodi, uliza habari za ziada hiyo leo. Texas inakupa miaka 2 tangu siku ya mnada, na dai hupelekwa kwenye mahakama iliyoamuru mauzo. California inakupa mwaka 1 tangu hati ya mnunuzi isajiliwe. Hapa, kiasi kikiwa cha maelfu, kumlipa wakili kunaweza kuwa na maana.

Kutafuta huku hakuna tovuti moja. Andika jina la kaunti pamoja na maneno "unclaimed money", kisha rudia kwa "stale dated checks" (hundi zilizopitwa na muda) na "excess proceeds" (ziada ya mnada), maana kila ofisi ina jina lake kwa kitu hicho hicho. Fungua kurasa za mweka hazina wa kaunti, karani wa mahakama, na idara ya fedha ya mji. Orodha nyingi ni faili la kurasa kadhaa lililopangwa kwa jina la ukoo. Usiandike jina zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika herufi nne za mwanzo tu, kwa mfano "Moha" au "Bahi", usome kila kinachotokea. Kusipokuwa na orodha, piga simu uulize.

Kisha majimbo: yote uliyoishi, na Delaware

Hakuna orodha moja ya taifa zima. MissingMoney.com inakusanya majimbo mengi na haitozi kitu, lakini isikutoshe; ingia pia kwenye tovuti ya kila jimbo. Viungo sahihi viko unclaimed.org, tovuti ya NAUPA. Pita hapo badala ya kubofya matangazo, kwa sababu ofisi hazifanani: California ni mdhibiti wa fedha wa jimbo, Minnesota ni idara ya biashara, Washington ni idara ya mapato, Massachusetts ni mweka hazina. Tapeli hujificha vizuri mahali ambapo hakuna anayejua jina sahihi la ofisi.

Jimbo gani lina hela yako? Tangu Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Texas dhidi ya New Jersey mwaka 1965, hela hufuata anwani ya mwisho ya mwenyewe kwenye vitabu vya kampuni, haifuati makao ya kampuni. Ulifanya kazi kwenye ghala la kampuni ya Seattle ukiwa unaishi Columbus? Tafuta Ohio. Kampuni ikiwa haina anwani yako, hela huenda jimbo ilikosajiliwa kampuni hiyo, na makampuni mengi makubwa yamesajiliwa Delaware. Kwa hiyo hata kama hujawahi kukanyaga Delaware, itafute huko. Money order ina sheria yake ya mwaka 1974: huenda jimbo iliponunuliwa.

Serikali kuu nayo ina mifuko yake. Idara ya Kazi ina ukurasa uitwao Workers Owed Wages kwa mishahara iliyodaiwa kutoka kwa waajiri baada ya ukaguzi. Hutunzwa miaka 3, kisha hupelekwa Hazina. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, hoteli au nyumba ya wazee aandike majina ya waajiri wake wote hapo. Idara hiyo hiyo ilifungua mwishoni mwa 2024 orodha ya mafao ya uzeeni yaliyopoteana na wenyewe. Na rejesho la kodi ambalo hukuwahi kulijazia fomu hupotea kabisa miaka 3 ikipita tangu siku ya mwisho ya kujaza.

Jina lako limeandikwaje huko?

Wengi wetu hukosea hapa, na kosa si letu. Kompyuta ya jimbo hutafuta herufi, haimjui mtu. Asha Juma Salehe anaweza kuwa Juma Asha, Salehe Asha J, Asha Saleh, au Aisha Salehi. Mkongomani aliyezoea kuanza na jina la ukoo, tuseme Mwamba Kalonda Jean, hukuta karani amelichukua neno la mwisho kuwa ukoo, na hela yake iko chini ya Jean. Aliyepita kambini huenda jina lake liliandikwa kwa sikio la mtu asiyejua Kiswahili: Mwanaisha akawa Mwana Isha, "Mwana" likawa jina la kwanza na "Isha" ukoo. Wengine waliingia na jina moja, na ofisi ikajazia FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza.

Kaa na karatasi. Andika kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa kwenye kadi ya kazi, kitambulisho, hundi ya mshahara, kadi ya hospitali. Tafuta jina la ukoo pamoja na herufi moja tu ya jina la kwanza, kisha yageuze. Jaribu Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamud. Hamisi na Khamis. Hussein na Huseni. Abdulrahman kwa neno moja na kwa mawili. Mwanamke aliyeolewa atafute kwa jina la baba na kwa la mume, hata kama hakuwahi kubadili jina, kwa sababu mwenye nyumba au bima huenda walimwandika kwa la mume. Watafutie na watoto.

Matokeo hukuonyesha jina, sehemu ya anwani, kampuni iliyotoa hela, na kiasi, mara nyingi kwa mafungu kama "chini ya 50" au "zaidi ya 100". Anwani ndiyo shahidi wako. Jina likiwa lako na mtaa hujawahi kuishi, liache. Kudai cha mwenzako ni kosa la jinai.

Kujaza dai

Ukibofya "dai", mfumo utauliza uhusiano wako na hela: mwenyewe, mrithi, au mwakilishi wa biashara. Chagua kwa uangalifu, kwani ndipo orodha ya vielelezo inapotokea. Kwa mwenyewe huwa vitatu: kitambulisho chenye picha ambacho muda wake haujaisha, ushahidi wa namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security), na ushahidi kwamba ulikuwa na uhusiano na anwani iliyo kwenye orodha. Hela ni yako, si msaada wa serikali. Usiogope kuidai kwa sababu tu hujawa raia.

Madai mengi hukwama kwenye kielelezo cha tatu. Hakuna anayetunza bili ya maji ya miaka tisa iliyopita. Lakini watu wetu hutunza barua za uhamiaji, na barua ya USCIS (idara ya uhamiaji) ya kupokea ombi ina jina lako, anwani ya wakati ule na tarehe. Itoe kwenye bahasha uipige nakala. W-2 (fomu ya mshahara wa mwaka), mkataba wa kupanga, barua ya shule ya mtoto na karatasi ya benki pia hufaa. Ukikosa vyote, chukua ripoti yako ya mikopo bure kwenye annualcreditreport.com, ukurasa wa mwanzo huorodhesha anwani zako za zamani. Uliza ofisi kama wanaikubali kabla ya kuituma.

Jina kwenye orodha likitofautiana na kitambulisho, usitume dai na kuomba Mungu. Andika hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, uisaini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary public), na uambatanishe karatasi moja yenye jina lile la zamani. Jina likibadilika kwa ndoa, weka cheti cha ndoa; kwa uraia, cheti cha uraia. Cheti cha Kifaransa au Kiswahili kiende na tafsiri iliyothibitishwa.

Piga picha za vielelezo mchana, karatasi ikiwa mezani, pembe zote nne zikionekana. Akaunti ya watu wawili mara nyingi huhitaji saini za wote wawili, au cheti cha kifo cha mmoja. Andika namba ya dai mahali utakapoiona. Jimbo likihitaji kitu zaidi huandika barua au barua pepe, na ukikaa kimya hufunga faili. Dai rahisi linaweza kulipwa ndani ya wiki chache. California inajipa hadi siku 180.

Hela ya marehemu

Mrithi anahitaji cheti cha kifo, kitambulisho chake, na ushahidi wa undugu. Mirathi ikiwa ndogo, majimbo mengi hayalazimishi kesi ya mahakama. Hati ya kiapo inatosha. Texas kikomo ni dola 75,000, ingawa huko hati hiyo lazima iidhinishwe na hakimu. California ni dola 208,850 kwa waliofariki kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, na lazima siku 40 zipite baada ya kifo. Fahamuni mapema kwamba jimbo halitazami mgawanyo wa mirathi ya Kiislamu wala desturi ya ukoo. Linafuata wasia halali kisheria, na usipokuwepo, sheria yake ya urithi. Kaeni kikao cha familia kabla ya kujaza fomu, mkubaliane nani atasaini, maana mrithi mmoja aliyesahauliwa akiandika barua ya kupinga, dai lote husimama.

Kwa bima ya maisha tumia pia huduma ya bure ya kutafuta bima ya NAIC, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo. Utajibiwa iwapo tu wewe ni mnufaika au una haki kisheria. Marehemu akiwa na akaunti Kenya vilevile, huko kuna mamlaka inayofanana na hizi, UFAA, na mwenye laini ya simu ya Kenya huuliza kwa *361#.

Ukidai ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, uthibitishaji wa saini hupatikana ubalozi wa Marekani kwa miadi, dola 50 kwa kila mhuri. Kusanya hati zote siku moja. Shida kubwa ni malipo. Jimbo kwa kawaida hutuma hundi ya dola, na benki nyingi Afrika Mashariki huikataa au huichukua kwa shida. Kama bado una akaunti Marekani, usiifunge hadi dai lilipwe.

Wanaokutafuta wao

Kuna mawakala halali ambao hukuandikia kwamba wameona hela yako na wanataka asilimia. Sheria inawawekea kikomo: 5 kwa 100 Washington, 10 California na Texas, 15 New York. Hawafanyi chochote usichoweza kufanya mwenyewe kwa mchana mmoja. Usisaini, nenda kwenye tovuti ya jimbo uitafute hela hiyo hiyo. Anayetaka ada kabla, anayetaka kadi za zawadi, au anayeomba namba ya Social Security kwa ujumbe wa WhatsApp ni tapeli, hata akiwa na nembo ya serikali na lafudhi ya kwenu.

Kwa upande mwingine, usichane kila hundi. Illinois, North Carolina na Pennsylvania zina mpango wa kulinganisha rekodi na kumtumia mtu hela yake bila dai. Barua ya namna hiyo ikifika, piga simu kwa namba uliyoitoa wewe kwenye tovuti ya jimbo, si iliyoandikwa kwenye barua.

Hundi ikija, iweke benki wiki hiyo hiyo. Ikiisha muda, unaanza upya. Anayepokea SSI (msaada wa serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) aripoti hela mara moja, kwa kuwa kikomo cha akiba yake ni dola 2,000 na ziada inaweza kusimamisha malipo. Jimbo pia linaweza kukata deni la kodi au la matunzo ya mtoto kabla ya kukulipa. Na makampuni huripoti mara moja kwa mwaka, mengi kufikia tarehe 1 Novemba, hivyo karatasi ile ya majina iweke. Itoe tena Februari au Machi, baada ya majimbo kuingiza orodha mpya.